Kadi ya Akiba

Mpira wa tyubu ukifungwa kwenye kitu kwa miaka mingi hauachii kirahisi. Hunata, huacha weusi vidoleni, na harufu yake ni ile ile ya gereji, ya oili chafu na jua. Niliufungua mwezi uliopita, siku tulipogawana nguo za mama baada ya kuanua matanga, na kabla sijaona kilichofungwa ndani nilishajua ni mkono wa nani uliokata mpira ule. Wadogo zangu wawili walikuwa wanabishania vitenge. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, sanduku la bati la mama mbele yangu, nikashindwa kuinuka.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa habari ya kadi za salamu. Vijana wa leo nikiwaambia wanacheka, wanaona tulikuwa washamba. Ulinunua kadi dukani, ukajaza jina lako, mahali ulipo, majina ya unaowasalimu na ujumbe mfupi, ukaitia posta, kisha ukangoja wiki mbili, tatu, mtangazaji aisome Jumapili mchana na nchi nzima isikie. Watu walikuwa na majina yao ya redioni. Baba yangu alikuwa Tairi Kipara wa Ngokolo. Alijiita hivyo mwenyewe, kwa sababu ya upara wake na kwa sababu alikuwa dereva wa lori, na kwenye kona ya kila kadi alichora gurudumu dogo lenye misumari mitano. Mama hakujua kusoma, lakini gurudumu lile alilijua.

Tulikaa Ngokolo, nyumba ya vyumba viwili yenye uwanja wa udongo mweupe ambao mama aliufagia mpaka ukang'aa. Msimu wa pamba upepo ulituletea harufu ya mbegu kutoka kiwandani, nzito, kama mafuta yaliyomwagika jikoni. Baba alikuwa akipakia mzigo Isaka, pale reli inaposhusha makontena, na kuupeleka Bujumbura. Mara nyingine ni unga wa ngano, mara nyingine sabuni au saruji. Safari moja iliweza kula mwezi mzima kwa foleni za mpakani na za kushusha. Akirudi alinuka dizeli na samaki wakavu wa huko ziwani, na kwa siku mbili za kwanza alilala tu.

Huko alikokwenda miaka ile hakukuwa na utulivu. Siku moja ungekuta mji uko kama kawaida, siku ya pili maduka yamefungwa, wafanyakazi wamegoma, vijana wamewasha matairi barabarani na wanarusha mawe kwa kila gari linalopita. Baba alitusimulia tukila, tumezunguka sinia la ugali na mlenda, na alisimulia kama mtu anayeeleza namna ya kubadilisha gurudumu. Mgomo ukikukuta nchi ya watu, alisema, kitu cha kwanza nunua mkate na ujaze maji, halafu ndiyo uulize kuna nini. Usisimame penye kundi, hata likiwa la harusi. Usivae shati lenye rangi ya chama chochote. Yeye alikuwa na shati lake la kaki la safari, na mama alikatazwa kulipiga bluu. Usikimbie, maana anayekimbia hukimbizwa. Usichungulie nje kutaka kujua, kwa sababu wanaokufa wengi ni wale waliotoka kutazama. Ukiulizwa uko upande gani, sema, mimi mgeni, napita tu. Na usimwambie mtu yeyote mahali unapolala.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na niliamini mgomo ni kitu kinachokuja na kuondoka chenyewe, kama wale ndege wa kwelea kwelea wanaoshukia mashamba ya mpunga, wanakula, wanapita. Kwa hiyo ukikaa ndani kimya na maji yako, kitapita. Tuliigiza na wadogo zangu. Mimi ndiye niliyekuwa mgomo, nikizunguka nyumba na kijiti nikigonga ukuta, nao walijificha chini ya kitanda cha kamba na kikombe cha maji. Aliyecheka alikuwa amekufa. Mama alituona akatufukuza kwa ufagio, akasema hilo si jambo la kuchezea.

Sasa niseme siri yenyewe, ambayo sijamwambia mtu, hata mume wangu. Baba hakuzituma zile kadi kutoka Bujumbura. Aliziandika nyumbani, pale mezani kwetu Ngokolo, kabla ya kuondoka, mama akiwa kisimani. Aliijua safari yake hatua kwa hatua, kwa hiyo aliandika kadi ya kuvuka mpaka, kadi ya kufika, kadi ya kusubiri zamu, na kadi ya kurudi. Alizifunga kwa mpira wa tyubu akanipa mimi, mtoto wake mkubwa. Kila Jumatano nikitoka shule niliitia moja kwenye sanduku la posta, kwa mpangilio wake. "Mama yako akisikia redio, usingizi unamjia," aliniambia. "Wewe na mimi tu. Usimwambie mtu." Mama aliamini kuna madereva wenzake wanaozipitisha huko na kuzileta nchini.

Na mambo yalikwenda. Mara nyingine baba alifika nyumbani kabla kadi ya kufika Bujumbura haijasomwa, tukaisikia yeye mwenyewe akiwa amekaa anakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na mama alicheka mpaka akajipangusa machozi. Baba akasema posta ni kobe. Akanikonyeza. Nilijiona mtu mkubwa sana, mwenye kazi. Na kwa kuwa kila nilipotia kadi yeye alirudi, niliona kabisa kwamba ni kadi ndizo zinazomrudisha.

Safari ile ya mwisho alinipa kadi tano badala ya nne. Kulikuwa na maneno maneno kuhusu Bujumbura, na yeye alikuwa amekawia kuondoka siku mbili, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Ile ya tano alisema ni ya akiba. Nisiitie mpaka nikiona amechelewa mno. Nikamwitikia. Alipanda lori asubuhi akiwa na shati lake la kaki, na mama alisimama mlangoni na mkono shavuni mpaka vumbi likatulia.

Kadi ya kwanza ilisomwa. Ya pili ikasomwa. Kila mara mama alikaa chini kwenye mkeka karibu na redio, betri zake zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, na jina la Tairi Kipara lilipotajwa aliinamisha kichwa na kusema polepole, "Mhola," yaani salama, kana kwamba mtu amembishia hodi na yeye anamwitikia. Baada ya ya tatu, iliyosema anasubiri zamu ya kushusha, ndipo Mzee Shabani alipotujia.

Mzee Shabani alikuwa mtu wa Ujiji, dereva mwenzake baba, na walikuwa wamesafiri pamoja. Alifika Jumamosi, kioo cha mbele cha lori lake kimepasuka. Hakutaka chai. Alisema kule mambo yameharibika, mgomo huu si kama ile mingine, na barabara zinafungwa moja baada ya nyingine. Yeye alishusha mapema akawahi kutoka, siku sita zilizopita. Baba alikuwa amebaki ndani ya yadi na mzigo wake, maana wapakuzi walikuwa wamegoma. Alimsihi aache lori watoke wote. Baba akamjibu kwamba gari la watu haliachwi, na kwamba yadi ina ukuta na geti, ana maji, ana mkate, atakaa ndani mpaka ipite. Mama alisikiliza yote. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia akitapika.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Redio ikawashwa. Salamu za watu wengine zilisomwa nyingi, mpaka nikadhani leo hatupo, na karibu na mwisho mtangazaji akasema: kadi hii inatoka kwake Tairi Kipara wa Ngokolo, akiwa safarini Bujumbura, anamsalimu mkewe Mama Kabula na watoto wote, na ujumbe wake unasema, nimeshashusha mzigo, nipo njiani narudi, chungeni nyumba.

Mama alilia kwa sauti. Mhola, mhola, mhola. Alinishika akanikumbatia, akanipaka machozi yake, akanibana mpaka nikaumia. Na mimi, niliyeitia kadi ile kwa mkono wangu, niliyeiona ikiandikwa mezani na kalamu ya bluu iliyokuwa inavuja, nilifurahi naye. Hilo ndilo siwezi kulieleza vizuri. Nilijua, na bado nilifurahi. Redio ilikuwa imesema.

Jumatatu asubuhi Bwana Akbar alikuja na pikapu yake. Huyu ndiye mfanyabiashara wa mjini ambaye mzigo ulikuwa wake, mtu mwembamba, mpole, ambaye duka lake lilinuka iliki na sabuni na ambaye hakuwa amewahi kufika Ngokolo kwetu. Mama alimtolea kigoda, nami nikamwamkia. Alikuwa ameshika kofia yake mkononi na anaizungusha. Alieleza kwamba shemeji yake ana duka Bujumbura, na kwamba yeye na familia yake wanatoka kesho asubuhi kwa gari mpaka bandarini, halafu meli ya Kigoma. Katika gari kuna nafasi moja. Angeweza kupiga simu mchana huu, wampitie baba yadini. Lakini njia ya kwenda yadini ni ya hatari, dereva hataki kusimama mahali bila sababu, na kuna watu wengine wanaililia nafasi hiyo. Kwa hiyo alitaka kujua jambo moja tu, kama baba bado yuko yadini.

Mama akamwambia habari ya redio. Bwana Akbar akakuna kidevu. "Mama Kabula, kadi hizi huchelewa sana," alisema.

"Kuchelewa zinachelewa," mama akajibu. "Lakini ataandikaje kwamba ameshashusha, na hajashusha? Shabani alimwacha na mzigo. Sasa ameshashusha. Ameandika baada ya Shabani kuondoka."

Mtu mzima aliyetulia angeuliza ni kadi gani hiyo inayotoka kule, inafika nchini na kusomwa ndani ya siku saba. Hakuna aliyekuwa ametulia. Bwana Akbar alitaka kuamini, mama alikuwa ameshaamini. Bwana Akbar akanigeukia mimi, nilikuwa nimesimama karibu na mlango nimeshika ungo wa choroko.

"Na wewe ulisikia, mwanangu?"

"Ndiyo," nikasema. "Nilisikia."

Nimejitetea mbele ya nafsi yangu kwa namna nyingi tangu siku ile. Kwamba baba aliniambia nisimwambie mtu. Kwamba kutosema mahali mtu alipo ilikuwa ndiyo kanuni yake ya usalama. Kwamba niliogopa kadi zikijulikana zitaacha kufanya kazi. Yote ni kweli. Lakini nisijipambe, niliogopa pia fimbo. Mama alikuwa na furaha kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na mimi ndiye ningemwambia kwamba kwa safari nne nimekuwa namdanganya. Nikatazama choroko. Bwana Akbar akavaa kofia yake, akasema basi Mungu amfikishe salama, na pikapu ikaondoka. Nilirudi kupepeta.

Baba hakufika wiki ile, wala iliyofuata. Mama alianza kwa kumsamehe, foleni za mpakani, tairi limepasuka. Halafu akaacha kutaja. Mimi nilikuwa na ile kadi ya akiba chini ya godoro, na kila Jumatano niliipeleka shule ndani ya daftari, nikafika mpaka kwenye sanduku la posta, nikasimama, nikarudi nayo. Alisema nikiona amechelewa mno. Mno ni lini? Na nikiitia, mama atalia tena kwa furaha, nitafanyaje? Na ikishasomwa hiyo, hakutakuwa na nyingine. Siku moja nikatazama chini ya godoro sikuiona. Nilipindua chumba kizima. Nikahitimisha ni panya, maana panya wetu walikula hata sabuni.

Bwana Akbar alirudi mara ya pili akiwa na Mzee Shabani. Walikaa wote wawili ndani, jambo lililonitisha, maana wageni wetu walikaa nje kivulini. Shemeji yake alikuwa ameshafika salama na ameeleza. Yadi ilivunjwa geti siku ya Jumatano. Walichoma magari yote. Waliokuwa ndani hawakutoka, na waliozika hawakuuliza majina. Baba alikuwamo. Mlinzi mmoja aliyeruka ukuta alimkumbuka, Mtanzania mwenye upara na shati la kaki, ambaye hakukimbia wenzake walipokimbia, aliyesimama kando ya lori na kuwaambia walioingia kwamba yeye ni mgeni, anapita tu.

Kisha Bwana Akbar alisema jambo ambalo nadhani hakutakiwa kulisema, lakini lilikuwa limemlemea. Gari la shemeji yake lilipita barabara ile ile Jumanne, saa nne asubuhi. Lilipita mbele ya geti la yadi. Halikusimama, kwa kuwa hawakuwa na sababu ya kusimama. Alilia, Bwana Akbar, na kofia usoni, akimwomba mama amsamehe. Mama akamwambia hana kosa lolote. Akasema, "Redio ndiyo iliyosema."

Hatukuwa na kaburi, kwa hiyo hata msiba wetu ulikuwa wa kusitasita. Mwaka uliofuata mama alituchukua tukahamia Nyarugusu, upande wa Geita, kwa dada yake aliyekuwa akiwapikia wachimbaji wa dhahabu. Tuliishi kwenye kibanda cha mabati na maturubai, vumbi la mawe yaliyosagwa likiingia mpaka kwenye uji. Wachimbaji walitoka kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, weupe kwa vumbi tangu nywele hadi nyayo, wakala, wakatutania, wakarudi shimoni. Mama alinyamaza na kuzeeka mapema. Alijiunga na darasa la ngumbaru kanisani, jambo lililotushangaza, akajifunza kusoma akiwa na mikono yenye malengelenge ya sufuria.

Redio tulihama nayo. Na kila Jumapili, hata kazi ingekuwa nyingi namna gani, saa ya salamu ilipofika mama alinawa mikono, akakaa karibu yangu, akaniambia, "Washa, mayu. Labda leo." Mayu ni mama, ndivyo alivyoniita kwa mapenzi. Niliwasha. Tulisikiliza salamu za watu wasiotuhusu mpaka mwisho. Halafu aliniuliza, "Hakuna?" Nami nikajibu hakuna. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye masufuria yake. Tulifanya hivyo kwa miaka, mpaka nikaenda sekondari, na nilipokuja likizo tuliendelea. Nilimwonea huruma mno. Nilidhani mama yangu, mtu mzima mwenye akili zake, bado anamngoja marehemu asalimie redioni. Jumapili moja, nilikuwa kidato cha pili, alinishika mkono akasema, "Kama kuna neno, mwanangu, liseme tu." Nilidhani anaulizia habari ya wavulana.

Ndani ya mpira wa tyubu, katika sanduku la bati, mlikuwa na daftari la ngumbaru na kadi moja ya salamu. Gurudumu kwenye kona, misumari mitano. Wino wa bluu umefifia lakini unasomeka: Tairi Kipara wa Ngokolo, msiwe na wasiwasi, nimechelewa kidogo tu. Nikafungua daftari. Kurasa za mbele ni a na e na i. Baada ya hapo, ukurasa baada ya ukurasa, kwa herufi nene zilizoegemeana, mama alikuwa amenakili maneno yale yale, msiwe na wasiwasi, mpaka daftari likaisha.

Hapakuwa na panya. Aliichukua yeye kule kule Ngokolo, chini ya godoro langu, ikiwa haijatiwa posta, na hakuhitaji kujua kusoma ili kuelewa kwamba kadi za mumewe zilikuwa zinatoka kitandani kwa mwanawe. Kila Jumapili aliponiambia niwashe redio, alikuwa anajua kwamba kadi ya mwisho ameifunga sandukuni na hakuna nyingine itakayosomwa. Hakuwa akimngoja baba. Alikuwa amekaa karibu yangu, amenawa mikono, ananingoja mimi.

Na mimi kila Jumapili nilimjibu, "Hakuna, mama."